Mpishi Aliyetunza Hasira Yake

Siku za nyama, ambazo shuleni kwetu zilikuwa mbili kwa mwezi, mwalimu aliyemdhalilisha mpishi mbele ya shule nzima ndiye aliyepewa kipande kikubwa kuliko wote. Mimi nilikuwa kiranja wa chakula, kwa hiyo nilisimama pale pale karibu na sufuria nikaona kila kitu. Mpishi alichukua kipande, akakigeuza, akakirudisha, akatafuta kingine kinono zaidi, akamwagia mchuzi juu, akafunika sahani na kunikabidhi niipeleke ofisini.

Siku moja nilishindwa kuvumilia.

"Mama, yule si ndiye aliyekusema vile?"

"Ndiye."

"Na unampa nyama yote hiyo?"

Akafuta mikono kwenye kitenge alichojifunga kiunoni. "Ashibe, apapende hapa, asiombe uhamisho. Mimi bado nina kazi naye."

Nilidhani anapanga kumwekea kitu kwenye chakula. Kwa muda wa wiki mbili, kila nilipobeba sahani ya mwalimu yule, ya nyama au ya maharage, niliinusa njiani kama paka. Nilikuja kuelewa baadaye sana, na mpaka leo nikimfikiria yule mama, huwa naanza na ile sahani.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, huko juu Mbulu, upande wa Nambis, mahali ambapo Julai unaoga maji ya moto na bado unatetemeka. Jiko lilikuwa banda la mabati lenye kuta nyeusi kwa moshi. Yeye alikuwa mfupi, mpana mabegani, na kiangazi na masika alivaa gambuti zile zile za kijani. Ugali wa wanafunzi mia tatu aliusonga kwa mwiko mrefu kuliko mimi, amepanda juu ya tofali ili aufikie vizuri. Kiswahili chake kilikuwa na uzito wa Kiiraqw ndani yake, maneno yakitoka kooni zaidi kuliko mdomoni, na alizungumza polepole, kama mtu anayechagua maharage. Hatukumwita kwa jina. Wanafunzi tulimwita Mama, walimu walimwita Mpishi. Mimi aliniita Kiranja, na hakuacha kuniita hivyo hata nilipokuwa mtu mzima mwenye kazi yangu.

Jambo lenyewe lilitokea Jumatatu asubuhi, tukiwa mstarini. Matokeo ya muhula yalikuwa mabaya na mwalimu wa taaluma alikuwa amechafukwa roho. Alituambia sisi ni wavivu, wazazi wetu wanauza mbuzi bure. Halafu akamwona mpishi anapita nyuma yetu na ndoo ya uji, akaelekeza kidole.

"Geukeni wote. Mnamwona yule mama? Yule ni wewe baada ya miaka ishirini. Usiposoma utaishia kukoroga uji wa watoto wa wenzako mpaka unaingia kaburini."

Shule nzima ilicheka. Nilicheka na mimi. Sina namna ya kulisema hilo likawa dogo.

Mpishi aliweka ndoo chini, akabadilisha mkono, akaiinua, akaendelea na safari yake. Uji wa siku ile haukuungua wala haukupungua sukari. Nilimwangalia wakati anagawa, nikaona anatutazama usoni mmoja mmoja, sio kwa ukali, kama mtu anayejaribu kukumbuka ametuona wapi.

Alhamisi ya wiki ile ile aliniita stoo.

"Kiranja, hesabu unaziweza?"

"Kidogo, Mama."

"Nataka unifundishe. Saa tisa, vyombo vikishaoshwa, kabla sijawasha moto wa jioni. Nina darasa la saba tu. Nataka kidato cha nne."

"Ili ufanye nini, Mama?"

"Nataka cheti. Nikishakishika mkononi nitajua cha kukifanyia."

Alikuwa na daftari kubwa, kaunta buku jipya. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika maneno ya mwalimu, yote, kwa herufi kubwa zilizopinda kuelekea chini. Neno "kaburini" alikuwa amelikosea, amelifuta, ameliandika tena. Kabla ya kila somo alifungua ukurasa ule, akausoma kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, akafunga macho kidogo, kisha akasema, "Haya, tuanze." Mara ya kwanza nilitaka ardhi inimeze. Mara ya kumi nilianza kuona inavyofanya kazi. Alikuwa akifika pale amechoka, ameamka tangu saa kumi alfajiri, macho mekundu kwa moshi. Akishasoma ule ukurasa, mgongo wake ulinyooka.

Hesabu zilimtesa. Magazijuto aliyamudu, sehemu alizimudu, lakini aljebra aliichukia kama mtu.

"Huyu eksi ni nani? Kwa nini kila siku yeye ndiye anapotea? Na kwa nini nimtafute mimi?"

"Mama, ni namba tu ambayo bado hatuijui."

"Basi aseme tu kwamba hajulikani, asijifiche nyuma ya herufi."

Baada ya miezi kama miwili hivi nilimwambia. Nilikuwa nimeibeba mpaka imenishinda. Nilimwambia kwamba siku ile mstarini na mimi nilicheka. Alikuwa anachonga penseli kwa kisu cha vitunguu, na hakuinua kichwa.

"Najua. Nilikuona. Ulicheka mpaka ukafunika mdomo."

"Sasa kwa nini ulinichagua mimi? Kuna akina dada wa kidato cha nne wanazijua hesabu kuliko mimi."

"Nikifundishwa na mtu aliyenicheka, sisinzii," akasema, akapuliza unga wa penseli. "Haya. Huyo eksi wako yuko wapi leo?"

Watu wengi wangesema alikuwa mwanamke wa kinyongo, na wangekuwa hawajakosea sana. Lakini kinyongo chake kilikuwa na mipaka ya ajabu. Mke wa yule mwalimu alipojifungua, ni mpishi aliyempelekea uji wa ulezi kila asubuhi kwenye chupa ya chai, kwa siku nyingi, kwa miguu, kwenye tope la masika. Nilipomuuliza, alinishangaa. "Mkewe amesema nini? Hakusema kitu." Na mtoto yule alipoanza kutambaa, alikuwa akimbeba mgongoni jikoni huku anapepeta mchele.

Kanisani alikuwa mwanakwaya, sauti ya pili. Ibada ikifika kwenye sala ile ambayo kila Mkristo anaijua, alisali na wenzake vizuri tu mpaka kwenye sehemu ya kuwasamehe waliotukosea. Hapo alifunga mdomo. Sehemu hiyo ikipita, aliendelea. Alifanya hivyo kila Jumapili, mpaka katekista akagundua, akamsubiri mlangoni.

"Mama, mbona pale unanyamaza?"

"Katekista, sipendi kumdanganya Mungu. Nikishamaliza kidato cha nne nitapasema."

Katekista alicheka, halafu akaona mwenzake hacheki. Alinisimulia yeye mwenyewe, na akaongeza kwamba tangu siku ile, yeye naye akifika kwenye sehemu hiyo alikuwa anasita kidogo.

Hasira haikuwa peke yake. Alikuwa na mdogo wake wa kike, nesi, anaishi Mbulu mjini. Wakati wao wanakua, ilibidi mmoja abaki nyumbani na mmoja asome, na aliyebaki ni yeye. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi alimwomba mwenzake wa jikoni amshikie zamu, akapanda gari kwenda kwa mdogo wake. Nilifuatana naye mara moja, nikiwa nimepewa ruhusa ya kwenda hospitali. Alikaa kwenye kochi, amevua gambuti zake na kuziacha nje, akamwomba mdogo wake amwonyeshe tena picha za mahafali. Akaziangalia zote. Akaomba avishike vile viatu vyeupe vya kazini. Akavigeuza, akatazama soli. Akainuka akasimama mbele ya cheti kilichotundikwa ukutani, akakisoma herufi kwa herufi, na wakati huo alikuwa ameshaanza kukielewa Kiingereza chake.

Mdogo wake alinivuta pembeni jikoni, machozi yakimlengalenga. "Dada yangu ananipenda jamani. Hakosi kuja. Na kila akija anataka aone tena."

Kwenye gari wakati wa kurudi, karibu tunashuka, mpishi akanigeukia.

"Naumia pale, Kiranja. Hapa," akagusa kifua. "Kile cheti kinaniuma kama jino. Nikirudi nasoma wiki nne bila kuchoka. Zikiisha, naenda tena."

"Na dada mdogo unampenda?"

"Sana. Ndiyo maana naumia vizuri."

Nimewahi kumsimulia mtu habari hii akasema huo ni unafiki. Sijui. Mimi nilimwona akimkumbatia mdogo wake pale mlangoni, na hakukuwa na kitu cha kuigiza.

Kitu ambacho hakukivumilia ni hasira isiyo na kazi. Siku moja wasichana wawili walishikana kwenye foleni ya makande, bakuli zikaruka. Alimshika mmoja, yule aliyekuwa anapumua kwa nguvu zaidi, akampeleka kando ya kuni.

"Umekasirika?"

"Ndiyo!"

"Vizuri. Hiyo hasira unataka kuifanyia nini?"

"Nataka kumpiga!"

"Ukishampiga?"

Msichana akapiga teke gogo la kuni.

"Basi bado hujajua. Nenda kale, ukijua njoo uniambie." Na akampa makande ya kujaa.

Swali lile akawa anamuuliza kila mtu. Mlinzi aliyekimbiwa na mke aliulizwa. Mwalimu mgeni aliyekosa nyumba aliulizwa. Wengine lilikuwa linawaudhi tu. Mlinzi alimwambia, "Mama, mimi nataka kukasirika tu, niache," naye akamwacha, lakini kwa sura ya mtu anayeona chakula kinamwagwa.

Naogopa nimemchora kama mtu aliyeijua kila njia ya moyo wake. Hapana. Kuna mahali alianguka, na aliyeumia hakuwa yeye.

Alikuwa na binti mmoja, Paskalina. Baba yake Paskalina, mtu wa Hanang, alikuwa amefariki, na upande wake ulikuwa wa wafugaji huko Getanuwas. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshamaliza shule, nasomea maabara, lakini likizo sikuacha kwenda kumwona mpishi, kwa hiyo habari hii niliipata kwake mwenyewe, na baadaye kwa Paskalina. Mpishi alikuwa amepita mtihani wa maarifa, ule wa watu ambao hawakupitia sekondari, na alikuwa amejiandikisha kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alifanya. Akapata sifuri. Karatasi ya matokeo aliikunja ndogo, akaiweka kwenye daftari, nyuma ya ule ukurasa wa kwanza.

Wiki hiyo hiyo yalitoka matokeo ya kidato cha pili, na Paskalina, aliyekuwa anasoma shule ya kutwa, alifeli. Alitakiwa arudie mwaka. Aliingia nyumbani na habari hiyo wakati mama yake ameketi na daftari lake mapajani. Mpishi alinyanyua kichwa, na maneno yakamtoka, yale yale, kwa mpangilio ule ule, kwa sababu alikuwa ameyasoma kila siku kwa miaka.

"Usiposoma utaishia kukoroga uji wa watoto wa wenzako mpaka unaingia kaburini."

Kesho yake asubuhi Paskalina hakuwepo. Alikuwa ameshuka Katesh na kutoka huko amefika Getanuwas kwa bibi yake.

Mpishi alingoja wiki nzima, kwa kiburi, kama alivyosema mwenyewe. Kisha akaenda. Alimkuta binti yake anakamua ng'ombe, na hakuacha kukamua. Mpishi alimwamkia mama mkwe wake, "Shikamoo, Mama," yule bibi akaitika "Marahaba," akampa kigoda na maziwa, na kisha akatoka akawaacha wawili.

"Paskalina mwanangu, turudi nyumbani."

"Nitarudi, Mama. Sio leo."

"Nilikuwa na hasira. Hazikuwa zako."

"Najua zilikuwa za nani," Paskalina akasema. "Mama, walimu wanatuambia maneno kama yale kila siku, tumeyazoea. Lakini wewe ulilia kwa sababu ya maneno yale. Nilikuwa mdogo, nilikuona. Wewe ndiye mtu pekee duniani niliyekuwa na uhakika hataniambia."

Mpishi alinisimulia hayo tukiwa tumeketi kwenye magogo nje ya jiko, na ni mara moja tu katika miaka yote niliyomjua niliyomwona analia. Alilia bila kufuta uso. Aliporudi kutoka Getanuwas alichana ule ukurasa wa kwanza na kuutia motoni.

"Ikasaidia?" nikamuuliza.

"Hapana. Nilikuwa nimeshaushika kichwani." Akabandua ganda la gogo. "Lakini tangu siku ile sijausoma kwa sauti ndani ya nyumba yenye mtoto."

Paskalina alirudi muhula uliofuata, akarudia darasa. Kwa muda mrefu walikuwa wanapita mbali mbali ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Mpishi alisema aibu ile ilimsomesha kuliko hasira, lakini kwamba hampendekezei mtu, kwa sababu ilikuwa inasomesha huku inakula.

Mwaka ule alijiandikisha tena. Zikiwa zimebaki wiki tatu, yule mwalimu wa taaluma akapata uhamisho. Siku ya kuaga, alikuja jikoni peke yake, amevaa suti, akasimama mlangoni kwenye moshi. Mimi sikuwepo. Mpishi alinipigia simu jioni ile akiwa amefura kweli kweli.

"Kiranja, unajua huyu mtu amenifanyia nini?"

"Amekutukana tena?"

"Ameniomba msamaha!"

Sikujua nimpe pole au hongera.

"Amesimama pale anatokwa na machozi. Anasema, Mama, lile neno limenisumbua kila nikila chakula chako. Nikamwambia, Mwalimu, mtihani wangu ni wiki ya tatu kutoka leo. Ungengoja."

"Akasema nini?"

"Hakuelewa. Akapiga magoti. Sasa mtu amepiga magoti kwenye majivu na suti yake, utafanya nini? Nikamwinua. Nikampa chai." Nikasikia anapumua. "Nimemsamehe, Kiranja. Sikutaka. Imetoka yenyewe. Sasa nitasoma na nini?"

Siku nne hakugusa kitabu. Alikaa nacho tu, akakiangalia. Alijaribu kumkasirikia mwalimu kwa kuomba msamaha vibaya, haikushika. Alijaribu kwenda kwa mdogo wake, akakuta amehamisha cheti ukutani na kuweka picha ya harusi. Siku ya tano, kwa kukosa la kufanya, alifungua kitabu cha baiolojia mahali popote, akaanza kusoma habari za figo. Alisoma mpaka maharage yakaungua. Katika miaka yote aliyopika pale, ndiyo mara pekee ninayoijua.

"Nilikuwa sijui," aliniambia baadaye, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. "Kitabu chenyewe ni kitamu. Miaka yote hiyo nasoma, nilikuwa sikioni. Nilikuwa namwona yule mwalimu tu."

Alipata divisheni ya nne. Baiolojia alipata C. Jumapili iliyofuata, katekista alisimama mahali ambapo angeweza kumwona vizuri. Anasema sala ilipofika pale, sauti ya mpishi ilisikika kanisa zima, mpaka watu wa mbele wakageuka.

Kuna jambo moja zaidi. Paskalina aliolewa akahamia Katesh, mtaa wa Jorodom. Mvua ilipoporomosha tope kutoka Mlima Hanang na kufunika nyumba za watu, mpishi alikaa siku mbili bila kumpata kwenye simu. Alishuka na wengine kwa lori. Alimkuta hai, na mjukuu wake mchanga, kwenye shule walikowekwa watu waliookolewa. Nyumba yao haikuwepo, na majirani zao wa upande mmoja hawakuwepo. Alibaki huko mwezi mzima, akapika kwenye masufuria makubwa kwa watu wasiomjua, na hakuna aliyemuuliza ana cheti gani.

Nilipomwona baada ya hapo, nilimuuliza swali lake mwenyewe, kijinga, nikidhani ndivyo angependa. Nilimuuliza hofu ile na huzuni ile aliifanyia nini.

Alifunga kitenge chake upya.

"Ile haina kazi," akasema. "Ile unakaa nayo tu. Usimwulize mtu tena."

Mara ya mwisho kumtembelea ilikuwa mwaka jana. Alikuwa ameacha jiko la shule siku nyingi, anafundisha chekechea ya kanisa hapo hapo Nambis. Mimi nilikuwa na miezi mibaya. Nafanya kazi maabara ya kituo cha afya, upande wa Babati, na kwa miaka mitatu nilikuwa nimengoja nafasi ya kwenda kusoma digrii. Nafasi ilipotoka, alipewa mwenzangu ambaye kazi nilimfundisha mwenyewe, kuanzia namna ya kushika hadubini. Niliamua nitafanya kama mpishi. Niliandika jina la yule mwenzangu kwenye daftari. Niliandika maneno ambayo mkuu wetu aliniambia. Nikayasoma kila asubuhi. Lakini mgongo wangu haukunyooka. Nilikuwa silali, nakosea majibu ya vipimo, nawajibu wagonjwa vibaya. Maombi ya chuo kingine niliyopaswa kuyajaza yalikaa mezani wiki sita. Nikapanda basi kwenda Nambis bila kumwambia mtu, nikitaka anieleze nilipokosea.

Nilimkuta barazani anatenganisha vitunguu saumu, kichwani mvi tupu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Kiranja. Mbona umekuja na mifupa peke yake?"

Nikamweleza yote, nimesimama, sijaweka hata mkoba. Nikamwonyesha daftari. Alilisoma kwa makini, kama mwalimu, akarekebisha koma moja kwa penseli yake. Nikangoja aniulize nataka kuifanyia nini hasira ile. Nilikuwa na jibu tayari, nilikuwa nimelitunga kwenye basi.

Hakuuliza. Alishika kidevu changu, akageuza uso wangu kwenye mwanga, upande huu, kisha ule.

"Hii siyo hasira," akasema. "Umelala lini?"

"Mama, nalala."

"Umelala lini?"

Nikaanza kulia pale barazani, mtu mzima, kati ya vitunguu saumu. Alinivua viatu mwenyewe. Akanipeleka chumba cha ndani, akanifunika mablanketi mawili na shuka la Kimasai juu, akafunga dirisha. Jua lilikuwa bado liko juu. Nilimsikia nje anawafukuza kuku wasipige kelele karibu na ukuta, na baada ya hapo sikusikia kitu tena.

Nilipoamka ilikuwa saa sita mchana ya siku ya pili. Nyumba ilikuwa kimya. Mezani palikuwa na chupa ya uji, bakuli lililofunikwa, na karatasi iliyochanwa kutoka kwenye daftari la shule. Mwandiko ulikuwa wima, herufi zimekaa juu ya mstari.

"Kiranja. Uji umo kwenye chupa, kunywa wote. Mimi niko darasani mpaka saa saba. Ukiamka na hasira, njoo shuleni uniambie ni nani. Ukiamka umechoka, rudi kitandani, wala usione haya, maombi hayo ya chuo tutayajaza wote wawili Jumamosi."

Nilikaa pale nikajichunguza kwa uaminifu. Kisha nikanywa uji wote, nikarudi kitandani.